Ngoma za Gishora na Amplifaya ya Muyinga

Wanangu, kwenye kilima cha Gishora, mwendo mfupi kutoka mjini Gitega, kuna ngoma zinazosikika ng'ambo ya bonde bila hata betri moja. Zimechongwa kwa gogo la mti wa umuvugangoma, zikawambwa ngozi ya ng'ombe, na hupigwa kwa fimbo mbili. Ngoma ya katikati ndiyo inkiranya, kiongozi. Zile ziitwazo amashakwe hushika mapigo yasiyokatika, nazo ibishikizo hufuata anachotaka kiongozi. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hii ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Lakini dunia ilikuwa imeionja zamani: kampuni ya Ocora ya Ufaransa ilitoa sahani ya santuri ya muziki wa Burundi miaka ya 1960, na mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell alichukua rekodi ya wapiga ngoma wa Burundi akaiweka ndani ya wimbo wake.

Mimi leo nataka mlishike jambo moja tu la ngoma hizo. Pigo lake ni kali na fupi. Fimbo ikigusa ngozi, sauti hupanda ghafla na kushuka kabla hujapepesa jicho. Hapo ndipo amplifaya nyingi za nyumbani huumbuka.

Tuseme kuna kijana Muyinga, kule kaskazini-mashariki, mji unaopitiwa na malori yanayotoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero. Ana amplifaya, ana spika mbili za omu 8, na dada yake anaolewa Jumamosi. Akiweka taarabu kwa sauti ya chini, kila kitu kitamu. Akiweka ngoma za Gishora na kufungua sauti, pigo lililopaswa kusema "ndu!" linasema "khaa!" Anafungua zaidi. Khaa inazidi. Jirani anafunga dirisha, na mama yake anauliza kama kuna mtu anapasua kuni ndani.

Kijana anafunga amplifaya kwa kamba, anapanda basi la kupitia Karuzi, anampelekea fundi mmoja wa Gitega.

"Baba, hii ni wati 5,000," anasema, akionyesha maandishi makubwa ya mbele. "Kwa nini inapasua sauti?"

Fundi hajibu. Anaigeuza mashine, anafuta vumbi, anasoma kibandiko kidogo cha nyuma: volti 220, hezi 50, wati 80.

"Inakula wati 80 za umeme. Hizo 5,000 inazitoa wapi, mwanangu?"

Ninyi pia fanyeni hivyo dukani. Namba ya mbele imeandikwa na muuzaji, ya nyuma inahesabu umeme. Mashine haiwezi kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko inazopokea, na sehemu ya hizo 80 inapotea kuwa joto. Zinazofika kwenye spika zote mbili kwa pamoja huenda hazizidi 50.

Sasa kile kinachopasuka. Muziki ndani ya waya ni volti zinazopanda na kushuka. Amplifaya huzikuza, lakini haiwezi kuzipandisha kupita volti inazopewa na transfoma yake. Mfikirieni mtu mrefu anayerukaruka ndani ya nyumba yenye dari fupi: akiruka kidogo, salama, akiruka sana, kichwa kinagonga. Wimbi la ngoma likigonga dari, kilele chake kinakatwa, kinakuwa bapa. Kukatwa huko huzaa sauti nyembamba ambazo hazikuwemo kwenye ngoma, na hizo ndizo "khaa". Tena hukimbilia zile spika ndogo za sauti nyembamba, ambazo koili zake ni nyepesi sana. Ndiyo maana amplifaya ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho yaweza kuunguza spika ndogo, na watu wakabaki wanashangaa, maana wati zenyewe zilikuwa chache.

Taarabu iliyopigwa polepole haifiki darini. Ngoma inafika, kwa sababu kilele cha pigo chaweza kutaka nguvu mara kumi au zaidi ya wastani wa muziki wenyewe. Ukisikiliza kwa wati 5 tu, pigo laweza kudai 50 kwa kitambo kidogo sana.

Dawa basi ni kuinua dari. Fundi anachukua kalamu. Dari ikiwa volti 20, spika ya omu 8 inapata karibu wati 25: ishirini mara ishirini, ugawe kwa 16. Dari ikiwa volti 40 inapata karibu 100. Volti mara mbili, wati mara nne! Kijana anataka transfoma kubwa ifungwe sasa hivi.

"Pole pole," anasema fundi. "Ndani humu kuna chipu ya TDA2030. Nikiipa volti 40 kila upande, itapasuka kabla hujasikia pigo la kwanza."

Kwa hiyo vitu vinabadilishwa kwa pamoja. Inakuja bodi mpya yenye transista kubwa, zile 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, na hapa macho yawe wazi, maana za bandia zimejaa kila soko: gamba lile lile, ndani kipande kidogo kisichostahimili. Mafundi wengi hupenda kuzing'oa kwenye mashine nzuri iliyokufa kuliko kununua mpya za bei ya kutupwa. Zinafungwa juu ya bati nene la alumini lenye mapezi, lipoze joto. Kapasita nazo zinakuwa kubwa, maikrofaradi 10,000 badala ya 2,200, za volti 63. Umeme wa hezi 50 huzijaza mara 100 kwa sekunde. Kati ya mjazo na mjazo, pigo la ngoma linakula kilichohifadhiwa humo. Kapasita zikiwa ndogo, dari yenyewe inashuka katikati ya pigo.

Msizichezee. Hata baada ya kuchomoa waya ukutani, kapasita hizo bado zimebeba umeme wa kutosha kukurusha. Fundi huziondolea umeme kwa kipingamizi kabla ya kugusa kitu. Ninyi mwangalieni tu.

Halafu kuna jambo ambalo kijana hakulipenda. Kutoka wati 25 hadi 100 ni desibeli 6 tu. Sikio linasikia tofauti, ndiyo, lakini ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji desibeli 10, yaani wati mara kumi. Ndiyo maana fundi alimwambia aangalie spika pia. Spika inayotoa desibeli 91 kwa wati moja, badala ya 88, ni sawa na kuiongezea amplifaya nguvu mara mbili, na transfoma haijaguswa. Kwa maoni yangu pesa nyingi zinazoingia kwenye amplifaya zingeanzia kwenye spika.

Na umeme wa jioni je? Kila nyumba imewasha, volti 220 za Regideso, shirika la umeme, zikashuka, tuseme, hadi 180. Katika mashine ya transfoma ya kawaida dari nayo inashuka kwa kiasi hicho hicho, na wati zinapungua karibu theluthi moja. Amplifaya iliyojaribiwa mchana yaweza kukuaibisha usiku wa harusi. Kwa hiyo fundi alimjaribishia saa moja usiku, ngoma za Gishora zikipigwa, bila kusikia khaa.

Alipokuwa anafunga kamba, kijana aliuliza kitufe cha besi akifungue hadi wapi.

"Kiache katikati," fundi alijibu. "Ukikipeleka mwisho unaongeza desibeli 10 za besi, na besi hiyo itadai wati mara kumi. Hizo utakuja kuniomba tena, nami sina."