Sindano ya Uchungu, Panya wa Mbuga na Simu ya Mama

Wengi kati ya kina mama waliojifungulia hospitalini, iwe Temeke, Muscat au Leicester, wamepewa oksitosini bila kuambiwa jina lake. Nyumbani tunaiita dripu ya uchungu: huwekwa leba inaposuasua, ili mji wa mimba ukaze. Mtoto akishatoka, mama huchomwa sindano ya dawa hiyo hiyo pajani, yuniti 10, asije akavuja damu nyingi. Tulipokuwa tunasoma diploma tulikaririshwa mambo mawili juu yake: itunzwe kwenye friji, kati ya nyuzijoto 2 na 8, na dripu isiachwe ikimbie huku hakuna anayemwangalia mama. Basi. Kwamba dawa hii ni nakala ya kitu ambacho ubongo wenyewe unakitengeneza, na kwamba kitu hicho kina mkono katika namna tunavyoshikamana na watu wetu, mimi nimekuja kulisoma huku ugenini.

Historia yake si ya jana. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale alionyesha kuwa majimaji ya tezi iliyo chini ya ubongo yanaufanya mji wa mimba ubane. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud akaweza kuiunda oksitosini maabara, na miaka miwili baadaye akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa muda mrefu ikahesabiwa kuwa homoni ya kuzaa na kunyonyesha tu. Waliokuja kuitazama kwa jicho lingine ni watafiti wa wanyama, na mmoja wao ndiye ninayetaka kumzungumzia leo: Larry Young.

Young alizaliwa mashambani katika jimbo la Georgia, na kazi yake kubwa aliifanya Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. (Wasomaji wetu wa Clarkston, mnaotoka Kongo, hapo ni jirani yenu kabisa.) Mnyama aliyemsomesha dunia nzima ni kipanya mwenye mkia mfupi anayeishi kwenye mbuga za katikati ya Amerika ya Kaskazini, nitamwita panya wa mbuga. Kwa wanyama wanyonyeshao, tabia yake ni ya nadra. Dume na jike wakishapandana na kulala pamoja usiku mmoja, wanakuwa mume na mke: kiota kimoja, na baba anawalea watoto, anawalamba na kuwafunika kwa mwili wake. Yupo binamu yake, panya wa malisho, anayefanana naye karibu kila kitu. Huyo dume akishamaliza shughuli yake, anaondoka zake.

Swali la Young na wenzake lilikuwa jepesi kulisema: wanyama wawili wanaofanana hivi, kinachowatofautisha ni nini?

Jibu halikuwa wingi wa homoni. Oksitosini wanayo wote, na ndugu yake, vasopresini, wanayo wote pia. Tofauti iko kwenye vipokezi, yaani zile sehemu za seli ambazo homoni huingia kama ufunguo kwenye kitasa. Panya wa mbuga ana vitasa vingi katika maeneo ya ubongo yanayoshughulika na raha na tuzo, yale yale ambako dopamini hufanya kazi. Kwa hiyo akiwa na mwenzake, harufu ya mwenzake na ile raha vinafungwa pamoja. Binamu yake ana vitasa vichache sehemu hizo, kwa hiyo raha inapita, lakini haishikamani na mtu fulani.

Jinsi walivyopima ndiyo inayonivutia. Panya huwekwa kwenye kizimba chenye vyumba vitatu. Chumba kimoja amefungwa mwenzi wake, kingine amefungwa mgeni, na yeye yuko huru kwa saa tatu kwenda atakako. Panya wa mbuga muda mwingi humwegemea mwenzi wake. Watafiti wakiziba vipokezi vya oksitosini kwenye ubongo wa jike, au vya vasopresini kwa dume, upendeleo ule hautokei. Mwaka 1999 timu ya Young ilichukua jeni ya kipokezi cha vasopresini kutoka kwa panya wa mbuga, ikaipandikiza kwa panya wa kawaida wa maabara, na panya wale, walipopewa vasopresini, wakawa wepesi zaidi kuwasogelea majike. Mwaka 2004 wakaongeza vipokezi hivyo kwenye ubongo wa madume wa panya wa malisho, wale watoro. Wakaanza kubaki na wenzao.

Msije mkaniuliza chanjo ya kuwatuliza waume inapatikana wapi. Haipo. Hata panya wa mbuga wenyewe, pamoja na sifa zao zote, wapo wanaochepuka. Vipimo vya jeni vya watoto vimewaumbua.

Sehemu inayotuhusu sana sisi tulioacha watu nyuma ni nyingine. Mwaka 2009 Oliver Bosch, Mjerumani, akishirikiana na Young, aliwachukua madume waliokwisha kushikamana na majike, akawatenganisha. Siku chache tu baadaye, walipowekwa ndani ya maji, madume wale hawakuhangaika kujiokoa kama wengine. Walielea tu, wameshakata tamaa. Waliotenganishwa na kaka zao hawakuwa hivyo. Na kilichokuwa kimewabadilisha kilionekana: kemikali ya msongo ndani ya ubongo. Ilipozuiwa kufanya kazi, walirudi kupambana, ingawa mwenzi bado hayupo. Maelezo ya watafiti ni kwamba maumivu ya kutengana ni sehemu ya mfumo wenyewe, ndiyo yanayomrudisha mnyama nyumbani.

Panya si mtu, na sitaki mtu asome hapa akajipima ugonjwa. Lakini nimewaona wodini wanawake wa kwetu wanaojifungua bila shangazi wala mama mkwe, mume yuko zamu ya usiku, na mtu anasema ni udekaji. Tafiti 26 zilizokusanywa pamoja mwaka 2017, zenye wanawake zaidi ya 15,000, zilionyesha kuwa mwanamke mwenye mtu wa kuwa naye muda wote wa leba hupata uchungu mfupi zaidi na hupasuliwa mara chache zaidi. Tafiti zile zilihusu mtu aliyeko chumbani. Kama una ndugu wa kike au jirani wa kuaminika mjini hapo, mwombe mapema. Wakunga huwa hawakatai.

Na aliye mbali je? Mwaka 2010 Leslie Seltzer wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison aliwapa wasichana 61 wa miaka 7 hadi 12 mtihani wa kutisha: kuhutubia na kupiga hesabu mbele ya watu wasiowajua. Kisha wengine walikumbatiwa na mama zao, wengine waliongea na mama kwa simu, wengine walitazama filamu tu. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa waliokumbatiwa, na ikashuka pia kwa waliopigiwa simu. Oksitosini ilipanda kwa makundi yote mawili, karibu sawasawa. Mwaka 2012 akarudia, safari hii akaongeza kundi la walioandikiana na mama kwa ujumbe wa maandishi. Hao walibaki kama watoto ambao hawakuwasiliana na mtu yeyote.

Oksitosini ilipimwa kwenye mkojo, na wataalamu bado wanabishana mkojo unasema nini kuhusu ubongo. Hata hivyo, kama mwanao yuko kwa bibi Tanga, wewe uko Doha, na mnaishi kwa «umekula?» na vidole gumba vya WhatsApp, matokeo hayo yanatosha kukufanya ubonyeze kitufe cha kupiga.

Neno kuhusu zile dawa za kupuliza puani zinazouzwa mtandaoni kama «homoni ya upendo». Mwaka 2021 yalichapishwa majaribio ya Marekani kwa watoto na vijana 290 wenye usonji, waliopuliziwa oksitosini au dawa bandia kwa wiki 24. Hakukuwa na tofauti kati yao. Mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo asitoe pesa yake huko.

Hadithi yenyewe bado inaendelea. Mwaka 2023 timu ya Devanand Manoli huko San Francisco ilitengeneza panya wa mbuga wasio na kipokezi cha oksitosini kabisa tangu kuzaliwa. Wakashikamana na wenzao kama kawaida. Inaelekea ubongo una njia zaidi ya moja, na ile moja ikikosekana tangu mwanzo nyingine huziba pengo. Young alikuwa bado kazini matokeo hayo yalipotoka. Alifariki Machi 2024 akiwa Japani, na wengi aliowafundisha sasa wana maabara zao.