Nilipanda Menengai Kuupima Upendo wa Mungu

Mimi ni fundi wa nguo, na kazi yangu miaka yote hapa Nakuru imekuwa ni kupima. Kifua, kiuno, urefu wa mkono. Bila vipimo fundi hakati kitambaa. Labda ndiyo sababu maombi ya Mtume Paulo katika sura ya 3 ya Waraka kwa Waefeso yalinishika tangu siku nilipoyasikia kwanza kanisani. Paulo, hali akiwa mfungwa, anawaambia Wakristo kwamba anapiga magoti kuwaombea waufahamu upendo wa Kristo kwa vipimo vinne: upana, urefu, kimo na kina. Kisha papo hapo anaongeza kwamba upendo huo unapita ujuzi wote. Nikajiuliza: mtu ataombaje afahamu kitu kisichofahamika?

Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa la mazungumzo tu, la kunywea chai baada ya ibada. Liligeuka kuwa swali la kweli mwezi wa Januari mwaka 2008.

Msomaji anaukumbuka msiba ule. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi yetu iliingia katika ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwatoa wengine mamia ya maelfu makwao. Moto uliifikia Nakuru siku za mwisho za Januari, na Naivasha ikafuata. Watu waliopanga ploti moja, waliochota maji katika mfereji mmoja na kuombana chumvi, walianza kuulizana majina ya ukoo. Nyumba niliyopanga mtaani Kaptembwo ilichomwa, pamoja na cherehani zangu mbili na nguo za wateja ambazo sikuwa nimezimaliza. Mimi, mke wangu na watoto tulikwenda kulala katika uwanja wa maonyesho, pamoja na maelfu ya wenzetu. Kabila langu ni lipi, na waliochoma ni wa kabila gani, sitasema, kwani mji huu ulitoa waliochoma na waliochomewa kutoka kila upande.

Lililoniuma kupita cherehani ni jambo jingine. Jirani yangu mmoja, tuliyeimba naye sauti ya besi katika kwaya, alionekana amesimama pamoja na kundi lile. Kama alilazimishwa au alikwenda kwa hiari yake, sikujua, wala sikumwuliza. Viongozi walitia sahihi mapatano Februari 28 mwaka huo, nasi tukatoka uwanjani, tukapanga mtaa mwingine. Lakini kila nilipopiga magoti, maombi yalinikwama. Kwamba Mungu ananipenda mimi, hilo niliweza kulisema. Kwamba anampenda na yule kwa upendo ule ule, hilo lilikuwa kama mwiba wa samaki kooni.

Mzee mmoja wa kanisa letu aliiona hali yangu. Aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, usingoje moyo uwe tayari ndipo uombe. Omba, ndipo moyo utayarishwe. Panda Menengai, ufunge siku moja, umwombe Mungu akuonyeshe upana huo."

Kwa wakazi wa Nakuru shauri la namna hiyo si geni. Menengai ni shimo kubwa la volkeno lililo juu ya mji, lenye upana wa kilomita zipatazo 12 kwa 8, na kuta zake mahali pengine zina kimo cha karibu mita 500. Katika kuta hizo mna mapango, na kwa muda mrefu watu wamekuwa wakiyaendea kufunga na kuomba. Utawakuta Wakorino wenye vilemba vyeupe, utawakuta Wapentekosti, na wengine ambao makanisa yao makubwa mjini hayana habari kwamba wako huko. Si wachungaji wote wanaolipenda jambo hili. Wako wanaosema kwamba Mungu husikia hata chumbani, na kwamba mawe na mvuke wa kule ndani vyaweza kumdhuru mtu. Nami sibishani nao.

Tena mahali penyewe pana sifa ya kutisha. Wakikuyu wamepaita Kirima kia Ngoma, yaani mlima wa mizimu. Wamasai nao husimulia vita vya karne ya 19 kati ya Ilpurko na Ilaikipiak, ambapo mashujaa wa Ilaikipiak walioshindwa walitupwa kutoka ukingoni hadi chini shimoni. Msomaji azingatie kwamba pande zote mbili zilisema lugha moja ya Kimaa. Walikuwa jamaa. Mvuke unaofuka kule chini, masimulizi husema, ni roho za wafu hao zikitafuta njia ya kutoka. Basi tangu zamani Menengai ni kaburi la ugomvi wa ndugu.

Nilipanda mwezi wa Agosti mwaka 2009, asubuhi, bila kutia kitu kinywani. Kutoka mjini hadi ukingoni ni kilomita zipatazo 8, na nilikwenda kwa miguu. Nilipofika nilisimama na kutazama. Mbele yangu shimo, nyuma yangu mji na Ziwa Nakuru likimetameta. Nikaanza kupima, kama ilivyo desturi yangu. Upana nikauona. Kuhusu urefu, nilikumbuka somo la jiografia: wataalamu walilihesabu Bonde la Ufa kuwa mfululizo wa mabonde kutoka Mto Yordani, alikobatizwa Bwana Yesu, hadi Msumbiji. Kimo nikakitazama ukutani, na kina nikakitazama chini. (Mitambo ya kuchimbia mvuke ilikuwa haijafika. Ilianza kazi mwaka 2011, na visima vyake vimepita kilomita 2 kwenda chini, hata leo umeme unatoka humo.) Nikasema, "Bwana, upendo wako ni mkubwa kuliko huu." Maneno yalikuwa sahihi kabisa, lakini moyo wangu ulikuwa mkavu kama majivu.

Alasiri nikashuka pangoni. Mvua ikaanza kunyesha, baridi ikaingia, nami nilikuwa na koti jepesi tu. Ndani mlikuwa na watu sita au saba, kila mmoja pembeni pake. Mama mmoja wa makamo aliona ninavyotetemeka, akasogea kwenye gunia alilokalia.

"Bwana asifiwe, Mama," nikamsalimu.

"Amina, mwanangu. Keti hapa," akanijibu, akanifunika mabega kwa leso yake ya pili.

Kisha akaendelea na maombi yake, na sasa alisali kwa lugha ya mama yake. Nikashtuka. Ilikuwa lugha ile niliyoisikia mara ya mwisho usiku ule wa Januari, ikipigwa kelele nje ya mlango wangu. Mwili wangu ulitaka kuondoka, na ni mvua iliyonizuia. Naifahamu kidogo lugha hiyo, maana mjini hapa fundi hujifunza salamu na bei katika lugha za wateja wake. Nikasikia jina la kijana likitajwa tena na tena. Alipomaliza nikamwuliza ni nani. Akasema ni mwanawe, aliyetoka nyumbani wakati wa ghasia zile na hakurudi. Hakujua kama alikuwa miongoni mwa waliopiga au waliopigwa.

"Mimi humwombea tu," akasema. "Mungu anajua yuko upande gani."

Nilikaa kimya kwa muda mrefu. Ndipo nilipokumbuka maneno machache katika yale maombi ya Paulo ambayo siku zote niliyaruka. Paulo hakuwaombea Waefeso waufahamu upendo huo kila mtu peke yake. Aliwaombea waufahamu pamoja na watakatifu wote. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na kumbe hata upendo wa Mungu haupimwi na mtu mmoja. Nilikuwa nimepanda na utepe wangu nikapime peke yangu, ilhali nusu ya kipimo ilikuwa imeshikwa na mama huyu. Mimi nilijua upendo unaomfuata aliyechomewa nyumba. Yeye alijua upendo unaomtafuta kijana ambaye huenda ndiye aliyewasha kiberiti. Huo ndio upana, na mtu wa upande mmoja hawezi kuuona wote.

Jioni, mvua ilipokatika, alitoa chupa ya chai akanimiminia katika kifuniko, tukafungulia pamoja. Hatukutajiana majina. Mpaka leo sijui kama mwanawe alipatikana.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba nilishuka nikiwa mtu mpya. Cherehani zangu hazikurudi, na aliyezichoma hakuhukumiwa. Mwanzoni nilimwomba Mungu anipe haki, na bado namwomba, kwa kuwa upendo usiojali haki ni maneno matupu. Lakini Jumapili ya pili baada ya hapo nilimkuta yule jirani sokoni, nikamnyoshea mkono.

"Habari ya siku nyingi, ndugu yangu?" nikasema.

Aliangalia chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Nzuri." Hakuna lililoongezwa siku ile. Ilimchukua miezi mingi kuja kuniambia yaliyotokea, na hayo ni ya kwetu wawili.

Siku hizi Nakuru ni jiji, tangu Desemba 1 mwaka 2021, na kila baada ya miaka mitano uchaguzi ukikaribia mimi huona watu wakianza kuulizana majina ya ukoo kwa sauti ya chini. Siku hizo ndizo ninazoyarudia maombi ya Paulo. Ila siyaombi tena peke yangu. Hutafuta mtu wa lugha nyingine, tukapiga magoti pamoja, yeye akashika ncha moja ya utepe na mimi nyingine. Hatujafika mwisho wa kupima.