Farasi Aliyetangulia Akanyimwa Ushindi

Watoto wa madrasa yetu hapa Mugoma huihifadhi Suratul-Aadiyaat mapema, kwa kuwa ni fupi na mahadhi yake huwapendeza. Lakini tunapofika kwenye maana, tukawaeleza kwamba sura hiyo inaanza kwa kuwataja farasi wakimbiao huku wakihema, hutukodolea macho. Hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona farasi. Sisi wa Ngara na Biharamulo tumeishi karibu na mapori ya mbung'o, na farasi ni mnyama asiyeustahimili ugonjwa wa nagana. Tulichoruzukiwa ni ng'ombe na mbuzi.

Jioni moja, baada ya Sala ya Magharibi, kijana mmoja wa jamaa zetu aliwaonyesha watoto hao video ya mbio za masafa marefu za huko Ghuba. Farasi wa kijivu alifika wa kwanza, watu wakashangilia. Kisha akapelekwa mbele ya matabibu, akapimwa, akatembezwa kidogo, na ushindi akapewa aliyemfuata. Watoto walipiga kelele kwamba amedhulumiwa. Wakatugeukia sisi wa kamati, nasi hatukuwa na jibu. Tuliahidi kulitafuta, na tulipolipata tuliona kuwa linatuhusu sisi wenyewe kuliko tulivyodhani.

Mbio hizo si za kasi ya kitambo kidogo. Zilizo kubwa kabisa ni za kilomita 160 kwa siku moja, zikigawanywa katika hatua. Kila hatua inapokwisha, farasi hufikishwa kwa matabibu wa wanyama. Moyo wake, ambao akiwa ametulia hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika na katika mbio kali huvuka 200, hutakiwa urudi chini ndani ya dakika chache. Kiwango kilichozoeleka ni mapigo 64. Hutazamwa kama anachechemea, ngozi hufinywa ili ijulikane kama amepungukiwa maji, na tumbo husikilizwa kama matumbo yanafanya kazi. Anayeshindwa katika ukaguzi, hata ule wa mwisho baada ya kuvuka mstari, hahesabiwi kuwa amemaliza. Kwa hiyo yule wa kijivu hakudhulumiwa. Alifika, lakini hakufika salama.

Kanuni hizo ni kali, na bado huvunjwa. Mnamo Machi 2015 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, lenye makao yake Lausanne huko Uswisi, lilikisimamisha chama cha Umoja wa Falme za Kiarabu kwa sababu ya malalamiko juu ya hali ya farasi katika mbio hizo. Kilirejeshwa miezi michache baadaye, baada ya makubaliano. Hatulitaji hili kwa ajili ya kuwasema ndugu zetu wa huko. Mwenye kusoma hadi chini ataona kwamba nasi hatuna uso wa kumsema mtu.

Sasa, ni nini kinachotokea ndani ya mnyama? Farasi ameumbwa kwa mbio. Karibu nusu ya uzito wake ni misuli. Katika bandama mna akiba ya chembe nyekundu za damu, na mbio zinapoanza akiba hiyo husukumwa nje ili damu ibebe hewa zaidi. Katika mbio kali kabisa, mwili wake hutumia oksijeni zaidi ya mara 30 ya ile aitumiayo akiwa amesimama. Hakuna mwanariadha wa kibinadamu anayemkaribia.

Lakini oksijeni hiyo ni moto, na moto huhitaji meko madhubuti. Ndani ya nyuzi za misuli mna viwanda vidogo mno viitwavyo mitokondria, ambavyo huchoma chakula kwa oksijeni ili kupata nguvu. Sehemu ndogo ya oksijeni huponyoka kabla ya kazi kukamilika, ikawa kitu chenye uchu wa kunyakua kutoka kwa jirani. Wataalamu huiita chembe huru. Hunyakua kutoka kwenye mafuta yanayofunika seli, kutoka kwenye protini, hata kutoka kwenye vinasaba. Jembe lililoachwa kwenye umande hushika kutu kwa sababu ya oksijeni hiyo hiyo, na mwili nao una namna yake ya kushika kutu.

Mwenyezi Mungu hakumwacha mnyama bila ngao. Kuna vimeng'enya vinavyozizima chembe hizo, kimojawapo kikihitaji madini ya seleniamu ili kifanye kazi. Kuna vitamini E, ambayo hupatikana kwa wingi katika majani mabichi na hupotea sana majani yakikaushwa. Chembe huru zikizidi ngao, hali hiyo huitwa mkazo wa uoksidishaji. Ngozi laini ya seli za misuli hupasuka, na vilivyomo huvujia kwenye damu. Matabibu hupima kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi ili kujua msuli umeumia kiasi gani, na jambo la kuzingatia ni kwamba kipimo hicho hufikia kilele saa kadhaa baada ya mbio. Mnyama anaweza kusimama wima wakati wa kufika, madhara yakaonekana usiku.

Mkazo huo haufanyi kazi peke yake. Nguvu nyingi ambayo msuli huizalisha hugeuka joto badala ya mwendo, na farasi katika hali ya joto anaweza kutoa jasho la lita 10 hadi 15 kwa saa moja. Jasho lake lina chumvi nyingi kuliko damu yenyewe, hivyo hupoteza maji na chumvi kwa pamoja na huenda asihisi kiu wakati ambao anahitaji kunywa kuliko wakati wowote. Akiba ya sukari katika misuli, iitwayo glaikojeni, ikiisha, huchukua siku mbili au tatu kurejea. Hali ikiwa mbaya zaidi, misuli hukakamaa, rangi yake nyekundu huchujwa na figo, na mkojo hutoka wa kahawia kama chai ya rangi. Hapo figo zenyewe ziko hatarini.

Tulipofika hapo tulidhani jawabu ni kumjaza mnyama vitamini. Sivyo. Chembe huru zikiwa za kiasi ndizo zinazoupa msuli habari kwamba kazi imeongezeka, nao ukajibu kwa kuongeza ngao na viwanda vyake. Ukizifuta zote kwa dawa, waweza kuufuta na ujumbe. Farasi aliyezoeshwa pole pole, wiki baada ya wiki, hubeba kazi ambayo ingemvunja asiyezoeshwa.

Maneno hayo yalitukumbusha hadithi tuliyoisoma chuoni miaka mingi bila kuitafakari vya kutosha. Imepokewa na Abdullah bin Umar (RA), naye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana, na imo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (SAW) aliwashindanisha farasi waliotayarishwa kuanzia Al-Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, masafa ambayo wapokezi wameyataja kuwa maili tano, sita au saba. Wasiotayarishwa aliwashindanisha kutoka Thaniyyatul-Wadaa hadi Msikiti wa Bani Zurayq, maili moja tu. Wanavyuoni wameeleza kuwa matayarisho hayo yalikuwa kumlisha farasi mpaka apate nguvu, kisha kumpunguzia chakula, kumfunika nguo na kumtoa jasho hadi mwili ukaze. Siku ile hapakuwa na kipimo cha damu, lakini palikuwa na mtu aliyetazama farasi na kukadiria masafa kwa hali ya kila kundi.

Wenzetu wa Lamu huwakimbiza punda katika sherehe za Maulidi, mbele ya bahari, nao ni punda wanaobeba mchanga na mawe siku nyingine zote. Tangu 1987 wana zahanati ya punda iliyofunguliwa na taasisi ya hisani ya Uingereza. Sisi hatuna mbio wala zahanati ya namna hiyo. Tuna minada, na tuna safari ya kurudi kutoka mnadani.

Na hapa tunaungama. Idil-Adh'ha moja iliyopita, kamati yetu ilichelewa kukusanya michango. Fahali alinunuliwa siku moja kabla ya Idi, mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kutoka msikitini, na vijana waliambiwa wamfikishe kabla ya Magharibi. Alikuwa mnene, mnyama wa kusimama malishoni, hajapata kutembezwa mbali. Walimswaga mbio, jua kali, vilima vyetu mnavijua. Alifika, tukashukuru. Usiku alilala akashindwa kunyanyuka, mapaja yamekakamaa kama gogo, na alipokojoa mkojo ulikuwa wa kahawia. Kabla ya alfajiri akafa, akawa nyamafu. Mafungu ya wajane na mayatima yalikuwa yamekwisha andikwa katika daftari letu, kwa mwandiko wa katibu.

Wengine walisema kijicho. Afisa mifugo alituuliza kwanza juu ya kupe, kwa kuwa ugonjwa wao nao huleta mkojo mwekundu, na bila vipimo hakutaka kuapa. Lakini aliposikia habari ya safari, alisema hamshangai fahali huyo. Akatuongezea kwamba hata angepona hadi kuchinjwa, mnyama aliyeishiwa akiba ya misuli hutoa nyama nyeusi yenye kunata, inayoharibika upesi. Tulinyamaza, kwa sababu sote tuliwahi kuigawa nyama ya namna hiyo tukadhani ni umri wa ng'ombe.

Amri ya Mtume (SAW) ya kumpumzisha mchinjwa na kunoa kisu tunaijua, tena hutajwa mimbarini kila mwaka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 nayo ipo. Tulikuwa tukihangaikia kisu, na kupumzika tukakuhesabu kuwa ni zile dakika chache mnyama anapolazwa kuelekea Kibla.

Mwaka huu michango inafungwa siku kumi kabla ya Idi, na atakayechelewa ataingia katika hesabu ya mwaka ujao, hata akiwa mjumbe wa kamati. Ng'ombe watanunuliwa mapema, watembezwe asubuhi na jioni kwa siku mbili, walale njiani kwa jamaa mmoja mwenye kisima, na wakifika wapewe maji, chumvi na majani mabichi kwa siku tatu zisizopungua. Vijana wanaowaleta watalipwa kwa siku, kwa maana malipo ya safari moja ndiyo yaliyowafanya wakimbie. Watoto wa madrasa wameomba wapewe kazi ya kukata majani, na majina yao tumekwisha yaandika.