KIINGEREZA CHA MTIHANI: KWA NINI TUNAKOSEA, NA TUFANYEJE



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi na wazazi wetu wa Nyakahura, mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo linalowarudisha nyuma watoto wetu wengi: kusahihisha sentensi za Kiingereza katika mitihani.

Wako watakaouliza, madrasa na Kiingereza wapi na wapi? Tunawakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda mfupi. Haja yetu nasi iko wazi. Katika shule ya msingi ya serikali mtoto husoma kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza, Hisabati, Baiolojia, Fizikia na Jiografia humjia kwa Kiingereza. Wapo watoto waliohifadhi juzuu kadhaa, lakini walipofika sekondari wakanyamaza darasani. Akili wanazo, walichokosa ni lugha.

Usichague kwa masikio

Mtihani humpa mwanafunzi sentensi na kumtaka achague neno linalofaa, au aiandike upya kwa usahihi. Wengi huchagua lile linalosikika vizuri. Mtoto aliyezaliwa London anaweza kufanya hivyo, maana Kiingereza amekisikia tangu utotoni. Huku kwetu mtoto husikia Kihangaza, Kisubi, Kisukuma na Kiswahili. Masikio yake hayajazoea Kiingereza, kwa hiyo ni lazima ashike kanuni. Tutazame makosa manne yanayojirudia.

1. Kiima na kitenzi

"The bag of books ___ lost." Ni "is" au "are"? Wengi huandika "are", kwa kuwa jicho limeangukia "books". Sasa sema kwa Kiswahili: "Mfuko wa vitabu umepotea." Hakuna hata mtoto mdogo atakayesema "mfuko wa vitabu vimepotea". Kilichopotea ni mfuko, basi jibu ni "is". Funika kwa kidole maneno "of books", kisha usome tena. Vivyo hivyo: "Each of the boys has a pen", kwa sababu tunasema juu ya kila mmoja.

Kumbuka pia "s" ya mtu mmoja anayesemwa: "My brother goes to school." Lakini yakiingia "does" au "did", hayo ndiyo yanayobeba mzigo, na kitenzi kinachofuata hubaki kitupu: "He does not go", "He did not go". Ukiandika "did not went" umeubebesha wakati uliopita mara mbili.

2. Ingawa na lakini

Kiswahili kinaruhusu: "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja." Tukiipeleka hivyo hivyo tunapata "Although he was sick, but he came", nayo ni kosa. Kiingereza hutaka kiungo kimoja tu. Ama "Although he was sick, he came", ama "He was sick, but he came".

3. Kirejeshi kinachozidi

Kosa hili lina wazazi wawili. Kwa Kiswahili tunasema "kitabu nilichokinunua", na ile "ki" ya pili inakirudia kitabu. Kiarabu nacho husema "al-kitaabu alladhii ishtaraytuhu", na "hu" ya mwisho inakirudia kitabu pia. Ndiyo maana mwanafunzi wa madrasa huandika "The book which I bought it is new". Katika Kiingereza "which" inatosha: "The book which I bought is new." Ukiona "which", "whom" au "that" katika sentensi, angalia kama kuna "it" au "him" iliyobaki bila kazi.

4. Tangu na kwa muda wa

"Ninaishi hapa tangu 2020" ni Kiswahili safi. Lakini "I am living here since 2020" mtihani utaikataa. Jambo lililoanza zamani na bado linaendelea huchukua "have": "I have lived here since 2020." Mahali pa kuanzia hutumia "since"; urefu wa muda hutumia "for": "for three years".

Faida tuliyonayo

Msidhani lugha zetu zinatuponza tu. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika neno "yeye", na wengi huandika "he" kwa mama yao. Lakini nyinyi mnajua "huwa" na "hiya". Basi "huwa" ni "he", na "hiya" ni "she". Mnajua pia kwamba kitenzi hufuatana na mtendaji wake, kwa sababu mmekwisha kusoma nahau.

Wazazi nao wasikae pembeni kwa kuwa hawajui Kiingereza. Mtoto akileta karatasi yenye alama za kukosa, mwambie akueleze kwa Kiswahili kwa nini jibu lile si sahihi. Akishindwa kueleza, arudi kwa mwalimu.

Zoezi

1. The box of mangoes (is / are) heavy.
2. She did not (came / come).
3. Although it rained, (but we went / we went).
4. This is the letter which I (wrote / wrote it).
5. We have been here (since / for) two weeks.

Majibu: 1. is. 2. come. 3. we went. 4. wrote. 5. for.

Mwisho, wanafunzi wetu, msione haya kusahihishwa. Imamu wa nahau, Sibawayhi, alikuwa Mwajemi aliyesoma Basra katika karne ya 2 Hijria. Husimuliwa kwamba alipokuwa akisoma hadithi mbele ya mwalimu wake, Hammad bin Salama, alitamka "Abu" mahali pa "Aba", akasahihishwa. Hakukiacha chuo. Aliazimia kuitafuta elimu itakayomwepusha na kosa kama lile, na kitabu alichokiandika kimekuwa msingi wa nahau ya Kiarabu mpaka leo. Naye lugha ile hakuzaliwa nayo.

Wabillahi tawfiiq.