Jerry Collins na Mkabo wa Hamilton

Sogeeni karibu, wanangu, hasa ninyi mliotoka mazoezini na magoti yenye vumbi. Leo nawasimulia habari za Jerry Collins, mchezaji wa raga ambaye alipomkaba mtu, uwanja mzima uliguna.

Collins alizaliwa Apia, mji mkuu wa Samoa, mwaka 1980, akakulia Porirua, karibu na Wellington, huko New Zealand. Kati ya 2001 na 2007 aliichezea All Blacks, timu ya taifa ya nchi hiyo, mechi 48. Wengi wetu tunamkumbuka na jezi namba 6 mgongoni, nywele amezipaka rangi ya dhahabu, shingo haionekani ilipoanzia. Ninyi mliozoea kandanda mnajua kukaba ni kumfuata mpinzani asipate nafasi. Kwenye raga, kukaba ni kumvaa mwenye mpira kwa bega, kumzungushia mikono na kumwangusha. Mwenye namba 6 hufanya kazi hiyo mchana kutwa, na Collins aliifanya kwa moyo wake wote. Alikuja, akakaba, akainuka, akamtafuta mwingine.

Sasa twendeni Hamilton, New Zealand, Juni 2003. All Blacks wanacheza na Wales. Colin Charvis wa Wales anaushika mpira, anakimbia nao moja kwa moja, na mbele yake yupo Collins. Wakakutana. Charvis akaanguka na hakuinuka. Alikuwa amezirai kabisa, mikono imelegea.

Mpira ulikuwa bado unachezwa, na All Blacks walikuwa na nafasi ya kushambulia. Tana Umaga, mchezaji wa All Blacks na binamu yake Collins, angeweza kuendelea na wenzake. Hakuendelea. Alimwendea Charvis, akainama, akamlaza ubavu, akamtoa kinga ya meno mdomoni ili isimzuie kupumua. Akakaa naye mpaka madaktari wakafika. New Zealand ilishinda 55 kwa 3, lakini ni wachache wanaoyakumbuka mabao ya siku ile. Umaga alitunukiwa nishani ya Pierre de Coubertin kwa uungwana wake. Charvis naye alipona, na mwaka huohuo akaiongoza Wales kama nahodha katika Kombe la Dunia kule Australia.

Kwa nini mtu mzima, mwenye misuli, azirai kwa kugongwa? Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukielea kwenye majimaji, kama kiini ndani ya yai. Ukilitikisa yai kwa nguvu, ganda linaweza kubaki zima huku ndani mambo yamevurugika. Ndiyo maana mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa nje. Hakuna damu, hakuna uvimbe. Na jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni hili: si lazima uzirai ndipo ujue umeumia. Kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuona ukungu, kusahau mchezo umefika wapi, hata kulia bila sababu, zote hizo ni dalili.

Ningeweza kuishia kwenye nishani ya Umaga, na hadithi ingekuwa tamu. Lakini ninyi ni watu wa kuambiwa ukweli. Miaka miwili baadaye, Juni 2005, Umaga huyohuyo, sasa akiwa nahodha wa All Blacks, alikuwa uwanjani Christchurch dhidi ya British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland iliyokuwa ziarani. Mchezo haujamaliza hata dakika mbili, yeye na mwenzake Keven Mealamu wakamnyanyua nahodha wa Lions, Brian O'Driscoll, na O'Driscoll akatua vibaya ardhini. Bega likateguka. Ziara yake ikaishia hapo. Hakuna aliyeonyeshwa kadi kwa tukio lile, na hakuna aliyefungiwa baadaye. Watu walibishana kwa miaka mingi.

Hapo ndipo ninapouona moyo wa jambo hili. Mtu mmoja, mikono ileile, siku moja ameokoa na siku nyingine ameumiza. Umaga hakuwa mtu mbaya. Ila uwanjani damu inachemka, mambo yanakwenda kwa kasi, na wema wa mchezaji peke yake hautoshi kulinda shingo na kichwa cha mwenzake. Sheria inahitajika, na refa wa kuisimamia.

Sheria zikaja, wakati mwingine kwa uchungu. Kumnyanyua mchezaji na kumwangusha kwa kichwa au shingo kukawa kosa la kadi nyekundu. Mwaka 2011, kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia, nahodha wa Wales Sam Warburton, kijana wa miaka 23 tu, alimnyanyua Mfaransa Vincent Clerc na kumwachia. Refa Alain Rolland akatoa kadi nyekundu kabla ya dakika ya 20. Wales ikabaki na watu 14 na kufungwa 9 kwa 8. Mashabiki wa Wales waliumia sana. Mimi nasema refa alifanya sawa.

Mwaka 2017 World Rugby, shirikisho linalosimamia raga duniani, likaongeza adhabu kwa kila mkabo unaogusa kichwa, hata wa bahati mbaya. Ufaransa, baada ya vijana kadhaa kufa kwa majeraha ya uwanjani mwaka 2018, iliamua kwamba kwenye raga ya ridhaa mwisho wa kukaba ni kiunoni. Uingereza nayo, kuanzia msimu wa 2023, iliteremsha mkabo wa ridhaa mpaka chini ya mfupa wa kifua. New Zealand kwenyewe, nyumbani kwa Collins, klabu za kawaida zimefuata njia hiyohiyo.

Tena watafiti waligundua jambo la kushangaza. Kwenye mkabo, anayeumia kichwa mara nyingi zaidi ni mkabaji mwenyewe, siyo anayekabwa! Na hatari inapanda mkabaji akiwa amesimama wima, kichwa kwa kichwa. Kwa hiyo ukienda kukaba, kunja magoti, inamisha kiuno, macho juu. Kichwa chako kikae pembeni, shavu likigusa kalio la unayemkaba, kamwe kisipite mbele ya mwili wake. Kisha funga mikono na usukume kwa miguu.

Baadhi ya wakubwa wanalalamika kwamba raga imelainika. Hawajamsikiliza Steve Thompson, aliyetwaa Kombe la Dunia na England mwaka 2003, na ambaye mwaka 2020 alisema hakumbuki kulitwaa. Madaktari walimkuta na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 42. Carl Hayman, aliyecheza pamoja na Collins kwenye All Blacks, naye amepatikana na ugonjwa huo akiwa mtu wa makamo. Nguvu aliyokuwa nayo Collins haijapigwa marufuku. Kilichopigwa marufuku ni kumgonga mtu kichwani.

Collins mwenyewe alikuwa mtu wa watu. Baada ya Kombe la Dunia la 2007 alikuwa mapumzikoni Devon, Uingereza, akajitokeza kuichezea timu ya pili ya klabu ndogo ya Barnstaple. Hebu fikirini, nyota wa All Blacks kati ya mafundi na wakulima! Desemba hiyo akaitwa na Barbarians, timu ya wachezaji waalikwa kutoka klabu mbalimbali, kucheza na Afrika Kusini uwanjani Twickenham. Barbarians wana desturi, kila mchezaji huvaa soksi za klabu yake. Collins akaingia mbele ya maelfu ya watu na soksi za Barnstaple.

Alifariki tarehe 5 Juni 2015 kwa ajali ya gari kusini mwa Ufaransa, pamoja na mwenzi wake. Alikuwa na miaka 34. Mtoto wao mchanga alinusurika. Wachezaji wenzake walikwenda pale barabarani palipotokea ajali, wakamchezea haka, ngoma ya jadi ya Wamaori.

Siku hizi mchezaji wa kulipwa akigongwa kichwa hutolewa kwa dakika 12, daktari akampima na kumuuliza: Tuko uwanja gani? Ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga mara ya mwisho? Aliyezirai hapimwi, harudi tena. Ninyi wa Nairobi, Kisumu na Kakamega hamna daktari wa namna hiyo kando ya uwanja wa shule, basi kanuni yenu ni nyepesi zaidi: ukishukiwa tu kuumia kichwa, unatoka, na siku hiyo hurudi. Ukimwona mwenzako anayumba baada ya mkabo, awe wa timu yako au ya wapinzani, inua mkono umwite refa. Mwambie na mwalimu, hata kama mwenzako anakuomba unyamaze.