Je, Wajua? Tembo Waliokufika Kiunoni

JE, WAJUA kuwa kisiwani Sicilia, Italia, waliishi tembo wenye kimo cha mita 1 tu begani? Tembo mzima huyo, si mtoto! Ungesimama kando yake, mgongo ungekufika kiunoni.

Sasa shika hili: mababu zake wa bara walifika mita 4 na kuzidi tani 10! Kisiwani malisho haba, simba hakuna, basi mwili mkubwa wa nini? Kizazi baada ya kizazi wakapungua, hadi kilo 250 hivi.

Na mtoto je? Wataalamu wanakadiria alizaliwa na kilo 7 hivi. Ndama wa tembo wetu wa Afrika huzaliwa na kilo 100!

Unajiuliza walifikaje huko? Yaelekea waliogelea! Tembo ni hodari majini: huinua mkonga juu ya mawimbi, akavuta pumzi na kusonga mbele.

Kisiwa cha Cyprus nacho kilikuwa na tembo wadogo. Je, wajua nani aliyefukua visukuku vyao? Ni Dorothea Bate, binti wa Uingereza, mwaka 1902. Alikuwa na miaka 23 tu!

Mamothi, jamaa wa kale wa tembo, nao hawakusalimika na kupungua huko. Yule wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, alikuwa na mita 1.13 na kilo 310 hivi. Ndiye mamothi mdogo kuliko wote wanaojulikana!

Tazama fuvu la tembo: katikati ya uso pana tundu kubwa la pua, utadhani jicho. Mwaka 1914, mtaalamu Othenio Abel wa Austria alisema huenda mafuvu hayo ndiyo yaliyowapa Wagiriki hadithi za majitu yenye jicho moja.

Twende kisiwa cha Flores, Indonesia. Mwaka 2003, pango la Liang Bua lilitoa mifupa ya watu wa kale wenye kimo cha mita 1 hivi. Humo humo imo mifupa ya stegodoni, jamaa wa tembo, naye kafupika vilevile!

Hili la mwisho, kaa vizuri. Katika kisiwa cha Wrangel, Urusi, mamothi waliishi hadi miaka 4,000 hivi iliyopita. Wakati huo piramidi kuu ya Giza ilishasimama kwa karne kadhaa! Leo hii mwulize rafiki yako: kutoweka kwa mamothi na kujengwa kwa piramidi, kipi kilitangulia?