Mkato wa Kiingereza na Taabu Zake

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike maneno machache juu ya jambo ambalo, kwa kauli yake, limewapotezea wanafunzi maksi nyingi katika insha za muhula huu, yaani mkato wa Kiingereza. Alama hii Waingereza huiita koma, sisi twaiita mkato, na wako waiitao kipumuo. Jina hilo la tatu ndilo lililotuletea taabu, kama nitakavyoeleza. Lakini kwanza sina budi kuungama kosa langu mwenyewe, maana wasomaji wa Kidato cha Nne walikuwapo, na hawataniacha nijifanye kwamba sijapata kukosea.

Mwaka juzi nilikuwa mwalimu wa zamu. Jumatatu asubuhi wavulana tisa wa bweni moja walichelewa kufika mstarini. Nikaandika tangazo upesi upesi na kulibandika ubaoni, nalo lilisema hivi:

"The boys of Dormitory Three, who were late on Monday, will work on the school farm on Saturday."

Jumamosi, kiranja wa bweni akawatoa wavulana wote arobaini na majembe yao. Walionung'unika walionyeshwa tangazo. Basi wakalima mpaka saa sita. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa Kidato cha Kwanza ambaye hakuwa amechelewa hata siku moja tangu aje shuleni. Saa nne mama yake alifika langoni, naye alitoka mbali. Bawabu akamwambia kwamba bweni zima lina adhabu na hakuna ruhusa ya kuonana na wageni. Mama akangoja chini ya mwembe mpaka saa tano, basi lake likawa linaondoka, akaacha mfuko wa karanga na salamu, akaenda zake.

Habari hiyo niliipata jioni. Nikamwita kiranja nikiwa na hasira, nikamwuliza kwa nini amewaadhibu watu thelathini na mmoja wasio na hatia. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, Jumatano ulitufundisha kwamba maneno yakiwekwa kati ya mikato miwili hayachagui watu, bali yanaeleza habari ya watu wote waliotajwa. Nikasoma tangazo, nikaona umetia mikato miwili." Nilikwenda ubaoni nikasoma. Kweli niliitia. Usiku ule nikawaomba radhi wavulana mbele ya bweni lao, na yule mtoto nikamwomba radhi peke yake, lakini mama alikuwa amekwisha kwenda.

Sasa tuitazame sentensi ile. Ningaliandika "The boys of Dormitory Three who were late on Monday" bila mkato wowote, maneno "who were late" yangalifanya kazi ya kuchagua: si wavulana wote, ni wale waliochelewa tu. Kwa kutia mikato nilisema mambo mawili: kwamba wavulana wa bweni la tatu watalima, tena kwamba wavulana hao wote walichelewa. Kiswahili hakitulazimishi kuonyesha tofauti hii kwa alama. Nikisema "wavulana waliochelewa," twaelewana kwa sauti na kwa kuijua habari yenyewe. Kwa hiyo tukiandika Kiingereza twatia mikato au twaiacha kama ipendavyo kalamu, wala hatujui kwamba tumebadili maana.

Njia ninayowapa wanafunzi wangu ni hii. Ziba kwa kidole maneno yaliyo kati ya mikato miwili, kisha usome yaliyobaki. Ikiwa yaliyobaki bado yasema kweli, mikato ni halali. "My mother, who is a nurse, works in Tanga." Ukiziba maneno ya katikati, wabaki na "My mother works in Tanga," nayo ni kweli, kwa kuwa mama ni mmoja. Lakini "Pupils, who steal, will be sent home" ukiiziba hivyo yabaki kwamba wanafunzi wote watafukuzwa. Ondoa mikato hiyo. Na mahali panapostahili mikato hii, itie yote miwili, kwa sababu ni kama mikono ya kikapu: ukishika mmoja tu, vitu vinamwagika. Kila muhula napata madaftari yenye mkono mmoja.

Nimesema kwamba jina la kipumuo limetuletea taabu. Wengi wetu tulifundishwa hivi: penye kupumua, tia mkato. Shauri hili halikutoka hewani. Kama miaka 200 kabla ya kuzaliwa Kristo, mtaalamu Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mtunza maktaba kuu ya Alexandria katika Misri, alitia vitone katika maandishi ya Kigiriki ili msomaji ajue mahali pa kutua kidogo na mahali pa kutua sana. Kipande kifupi cha maneno kiliitwa komma, maana yake kilichokatwa, na ndiyo asili ya jina lenyewe. Mwishoni mwa karne ya 15 Aldus Manutius, mpiga chapa wa Venice, aliieneza alama yenyewe kwa umbo tulilo nalo. Zamani zile kusoma kwa sauti lilikuwa jambo la kawaida, hivyo alama ya pumzi ilifaa. Lakini Kiingereza cha leo hutumia mkato zaidi kuonyesha jinsi sentensi ilivyojengwa, na pumzi za watu hazilingani. Mwenye mafua angetia mikato mingi kuliko mchezaji wa mpira.

Kosa litokalo katika pumzi ni hili: "The book which I borrowed from the library last Monday, is lost." Mwandishi amesafiri mbali, amefika "Monday," amechoka, akatua. Lakini "the book" ndicho kitu kinachosemwa, na "is lost" ndiyo habari yake. Mkato mmoja kati yao ni kama kumtenga mtu na kivuli chake. Hata maneno yakiwa marefu namna gani, usiutie. Hali kadhalika usiandike "He said, that he was ill." Neno "that" halitaki mkato mbele yake hapo.

Sasa nifike kwenye kosa lililo kubwa kuliko yote katika shule yetu, nalo latokana na uzuri wa lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina -ka-. Twasema: nilifika nyumbani, nikamkuta mama, nikamsalimu, akanipa chakula. Vitendo vinne vyafuatana kama behewa za treni, na kiungo kimo ndani ya kila kitendo kinachofuata kile cha kwanza, ndiyo -ka- yenyewe. Mkato wetu hapo ni kituo tu, haubebi mzigo. Mwanafunzi huichukua treni hiyo akaitia katika Kiingereza: "I reached home, I found my mother, I greeted her, she gave me food." Lakini Kiingereza hakina -ka-. Behewa zake zote zimekatika, na mkato peke yake hauna nguvu ya kuziunga. Yakupasa kutia kiungo: "I reached home, found my mother and greeted her, and she gave me food." Au uweke nukta, na kuanza sentensi mpya. Hakuna aibu katika nukta. Mtu akiniuliza ni alama gani iponyayo insha nyingi za mwaka huu, nitamjibu kwamba si mkato, ni nukta.

Ili kulitambua kosa hili, pigia mstari kila kitendo chenye mtenda wake. Ukikuta sentensi mbili kamili, kila moja yaweza kusimama peke yake, na katikati pana mkato mtupu, umekosea. "The rain stopped, we went out" ni kosa. "The rain stopped, and we went out" ni sawa, na "When the rain stopped, we went out" ni sawa vilevile, kwa maana "when" limeifanya sehemu ya kwanza iegemee ya pili. Jihadhari pia na "however" na "therefore." Yana sura ya viungo lakini si viungo kama "and" na "but." Ukiandika "I read hard, however I failed," umefeli mara mbili.

Jambo jingine la nyumbani kwetu ni "ingawa ... lakini." Kwa Kiswahili hatuoni ubaya kusema: ingawa mvua ilinyesha, lakini tulicheza. Kwa Kiingereza mwanafunzi huandika "Although it rained, but we played," na mtahini hukata. "Although" likiwapo, mkato unatosha, na "but" halitakiwi: "Although it rained, we played."

Juu ya mkato wa kumwita mtu sitasema mengi. "Call me Juma" ni mtu anayetaja jina lake. "Call me, Juma" ni mtu anayemwambia Juma ampigie simu. Kiswahili nacho kina mkato huo, kwa hiyo hamna udhuru.

Mwisho ni mkato wa orodha. Twaandika "maize, beans and rice." Je, tutie mkato mwingine kabla ya "and"? Vitabu vingi vya Uingereza huuacha, Chuo Kikuu cha Oxford huutia katika vitabu vyake, na Wamarekani wengi huutia. Mimi sigombani na yeyote, mradi afuate njia moja tangu mwanzo wa insha mpaka mwisho. Lakini asije mtu akasema ni jambo dogo, nitawaambia habari ya madereva wa maziwa.

Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria yataka mfanyakazi alipwe zaidi kwa saa za ziada, ila kazi fulani za vyakula hazimo. Sheria ilizitaja kazi hizo kwa orodha, kama kutia vyakula makoponi, kukausha, kuweka ghalani, na mwishowe ikasema "packing for shipment or distribution." Kabla ya "or" hapakuwa na mkato. Madereva wa kampuni ya Oakhurst Dairy wakadai malipo ya saa za ziada. Kampuni ikasema: kufungasha ni kazi moja na kusambaza ni kazi nyingine, zote zimetolewa, na ninyi mnasambaza. Madereva wakajibu: bila mkato, hiyo ni kazi moja tu, kufungasha, iwe ni kwa kusafirisha au kwa kusambaza, nasi hatufungashi kitu, twaendesha magari. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliyoko Boston ikaona kwamba maneno yale yanaweza kusomwa kwa njia zote mbili, na kwa kuwa shabaha ya sheria ile ilikuwa kuwalinda wafanyakazi, ikawapa haki madereva. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Ajabu ni kwamba kitabu cha maagizo kwa waandishi wa sheria wa Maine kiliwaambia wasiutie mkato ule. Baadaye bunge la jimbo liliandika upya kifungu hicho kwa kutia nukta-mkato kati ya kazi na kazi, nadhani kwa hofu.

Sasa zoezi. Sentensi ya kwanza ni "The teachers who live in town come by bus." Iandike mara mbili, kwa mikato na bila mikato, na ueleze kwa Kiswahili ni waalimu gani wapandao basi katika kila moja. Ya pili ni "When we had eaten the dogs came in." Tia mkato mmoja ili mbwa wasalimike. Ya tatu ni "I opened the gate, the goats ran out." Isahihishe kwa njia tatu. Madaftari yaletwe katika chumba cha waalimu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa muhula, na atakayeona mkato mbaya katika tangazo langu lolote na anionyeshe kabla ya Jumamosi.